Hoteli ya mafundi Barabara ya Kirinyaga: nyama ya wastani, ubishi wa langalanga wa daraja la kwanza

Kama unatafuta mahali pa kumpeleka mchumba, geuza gari. Hoteli hii iko Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya spea, na bango lake halina jina. Limeandikwa HOTELI NA BUCHA, basi. Ukitokea mzunguko wa Globe, ulizia "kwa mafundi wa langalanga" na hata msukuma mkokoteni atakuonyesha ngazi ya chuma. Mimi ni mhasibu wa duka la vipuri pale jirani, chakula cha mchana nakila huko karibu kila siku ya kazi, na kwa muda mrefu nimetaka kuandika maoni haya. Sasa ndio wakati wake, maana tuko Februari na msimu wa langalanga, yaani Formula 1, wa 2026 unaanza Melbourne tarehe 8 Machi. Kwa kusikiliza ubishi wa msimu mpya, sijaona mahali pa kuishinda hoteli hii Nairobi nzima: nyota tano. Kwa kuangalia mbio zenyewe naipa tatu, na zile mbili nitaeleza zimeenda wapi.

Nianze na tumbo. Bucha iko chini, mlangoni. Unachagua kipande mwenyewe, kinapimwa, unalipa kwa M-Pesa, unapewa kikaratasi chenye namba, unapanda juu kungoja. Nusu kilo ya mbuzi ni shilingi 500. Kabla ya saa saba mchana nyama ni laini. Baada ya saa tisa wanachoma kilichobaki, na kilichobaki huwa ni shingo. Mwenye meno ya wasiwasi aagize matumbo. Chapati ni shilingi 30 na zinastahili zaidi: zimekunjwa vizuri, ukiivuta inaachana tabaka kwa tabaka. Ila zinaisha mapema, na hakuna atakayekuwekea moja kando hata kama anakuita "madam wa hesabu" kila siku ya Mungu. Chai inachemshwa na maziwa na tangawizi, sukari unajitilia. Ugali ni ugali.

Kitu kitakachokuonyesha uko wapi ni sinki. Kando ya mfereji kuna ndoo ya rangi iliyokatwa nusu, ndani yake sabuni ya unga imechanganywa na vumbi la mbao. Fundi anachota kiganja, anasugua kuanzia kwenye kucha hadi kiwiko, povu linatoka jeusi, anaongeza, linatoka la kijivu, ndipo anasuuza. Mikono inatoka safi kuliko yangu niliyeshinda ofisini. Ila ile mistari myembamba myeusi kwenye vidole haitoki, na pale ndani ndiyo kitambulisho. Mwenye mistari hiyo akianza kuzungumza juu ya turbo, meza nzima hutulia.

Meza yenyewe ni ile ndefu ya dirishani. Kichwani hukaa mzee anayetengeneza pampu za dizeli, ambaye sote tunamwita Mzee wa Pampu. Huyu aliwaona Joginder Singh na Shekhar Mehta kwa macho yake kwenye Safari Rally, na huwezi kula naye bila kukumbushwa kwamba Mehta alishinda mara tano na Joginder mara tatu. Upande wa pili hukaa kijana anayefungua betri za Aqua na Prius, anatoa seli zilizokufa na kuweka nzima. Miaka yote kijana huyu alikuwa msikilizaji. Sheria mpya za 2026 zimemfanya mwenyekiti.

"Mzee, hii sasa ni kazi yangu, si yako," alisema juzi, akageuza risiti yangu ya nyama na kuanza kuandika mgongoni mwake. Mpaka mwaka jana mota ya umeme ya gari la langalanga ilitoa kilowati 120. Mwaka huu itatoa 350. Injini ya petroli nayo imeshushwa kutoka kama kilowati 550 hadi kama 400. Kwa hiyo nguvu inakaribia kuwa nusu petroli, nusu umeme. Na kile kifaa kilichokuwa kimefungwa kwenye turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, kikivuna umeme kutokana na moshi wa ekzosi, kimeondolewa kabisa.

Mzee wa Pampu aliposikia hilo la turbo aliweka kijiko chini. "Basi turbo itachelewa tena." Yuko sawa. Kifaa kile ndicho kilichokuwa kikiizungusha turbo kabla moshi haujatosha, dereva akawa hangoji kitu. Sasa atangoja, na hasa wakati wa kuondoka kwenye mstari, injini ikiwa mizunguko ya chini. Dereva wa lori la Mombasa aliyekuwa anakula pembeni aliingilia: yeye amengoja turbo maisha yake yote na hajawahi kuandikwa gazetini.

Kijana hakuyumba. Kinachomsumbua yeye ni betri, maana nguvu ya mota imepanda karibu mara tatu ilhali umeme unaoruhusiwa kuwekwa na kutolewa haukukua: bado ni megajuli 4. Hapo ndipo mhasibu alipoombwa kalamu. Gawa kilojuli 4,000 kwa kilowati 350, unapata sekunde 11 na ushee. Yaani dereva akikanyaga umeme wote bila kurudisha chochote, umekwisha kabla hajamaliza barabara ndefu mbili. Ni lazima avune njiani, na sheria inamruhusu kuvuna hadi kama megajuli 8.5 kwa mzunguko mmoja: kwa kufunga breki, kwa kuachia mafuta mapema kabla ya kona, hata kwa kuiacha petroli ichaji betri huku mguu umekanyaga chini kabisa. "Ukiteremka Mai Mahiu na Aqua," kijana alisema, "betri inajaa kabla hujafika lile kanisa dogo la Waitaliano. Hawa wanataka kufanya hivyo bila mteremko."

"Kwa hiyo tunakaa hapa kuangalia mtu akiachia mafuta kwenye barabara iliyonyooka?" Huyo ni dereva wa lori tena, na swali lake ndilo linalogawanya meza mpaka leo. Kundi moja linasema mbio zitageuka mashindano ya kubana matumizi. Kundi la pili, ambalo mimi nimo, linasema hapo ndipo tutajua nani ana kichwa. Mtu mwenye bajeti ndogo na akili nyingi humshinda mwenye pesa asiyejua zinakwenda wapi. Mimi huyaona hayo kwenye vitabu vya hesabu kila mwisho wa mwezi. Verstappen, Alonso, Hamilton, watu wa namna hiyo wataendesha huku wakihesabu. Wale wanaokanyaga tu watafika mwisho wa barabara wakiwa kilowati 350 pungufu.

Kupita nako kumebadilika, na hili ilibidi lirudiwe mara kadhaa kabla meza haijaelewa. Lile bawa la nyuma lililokuwa likifunguka kwa anayemfukuza mwenzake, DRS, limezikwa. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yote yanalala kwenye barabara iliyonyooka, kwa kila gari, awe anafukuza au yuko peke yake. Silaha ya mfukuzaji ni umeme. Gari lisilofukuza likivuka kilomita 290 kwa saa, nguvu ya mota inaanza kupunguzwa kidogo kidogo. Aliye ndani ya sekunde moja nyuma ya mwenzake anaruhusiwa kuendelea na kilowati zote 350 hadi kilomita 337. Kijana alichora mistari miwili, mmoja unashuka mapema, mwingine unachelewa kushuka, akatia wino kwenye nafasi iliyo katikati. "Hapa ndipo utakapopitwa." Risiti ile ninayo bado, na siwezi kuiingiza kwenye vitabu vya kampuni.

Magari yenyewe yamepunguzwa mwili: upana kutoka milimita 2,000 hadi 1,900, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma usizidi 3,400 badala ya 3,600, uzito wa chini kilo 768, yaani kama kilo 30 zimetolewa. Mafundi hawakuvutiwa. Kwao gari ni injini, mengine ni mabati.

Mafuta ndiyo yaliyowachekesha. Mwaka huu petroli yote lazima iwe endelevu, isitoke kwenye kisima cha mafuta ghafi: inatengenezwa kwa kaboni iliyonaswa, kwa taka za mijini, au kwa mimea isiyo chakula. Mtu akauliza lita moja ni pesa ngapi. Hakuna aliyejibu kwa namba, ila Mzee wa Pampu alisema EPRA, wale wapanga bei ya mafuta, wakiitangaza hiyo bei tarehe 14, nchi nzima itahamia baiskeli.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kwamba hoteli hii inastahili kuandikwa. Nyinyi mnaofuatilia mnajua fununu za majira haya ya baridi huko Ulaya. Sheria imeshusha uwiano wa mgandamizo ndani ya silinda kutoka 18 kwa 1 hadi 16 kwa 1 (ukipanda, nguvu nayo hupanda), na kipimo kinachukuliwa injini ikiwa baridi. Inasemekana Mercedes, na pengine Red Bull pia, wamepata njia ya kuufanya uwiano huo upande injini ikipata moto. Washindani wamelalamika. Mtandaoni watu wametukanana wiki nzima bila hata mmoja kushika chuma.

Mzee wa Pampu hakutukana mtu. Alitoa mfukoni beringi ya 6205, zile za kawaida kabisa, na vania yake ya dijitali, kile kipimo cha mafundi. Akaipima kwa nje: 52.00. Akamwomba dada wa jikoni kikombe cha maji yanayochemka. Dada akasema vikombe vya wateja haviingizwi vyuma. Mzee akalipia kikombe. Beringi ikazama, tukangoja huku watu wakiendelea kutafuna, akaitoa kwa kijiko, akaifuta kwa kitambaa, akapima upesi: 52.03. Vania ikapitishwa mkono hadi mkono. "Hayo ni maji ya chai," alisema. "Ndani ya injini ni moto kweli. Kila chuma kinatanuka. Swali ni nani amekipangia pa kutanukia."

Shabiki mmoja wa Ferrari, muuza taa za Probox, alisema huo ni wizi. Kijana wa betri akasema ni usomi. Niliulizwa mimi, na jibu langu ni la kikazi: kuna kukwepa kodi na kuna kupanga kodi, na tofauti yake ni maneno yaliyoandikwa kwenye sheria. Sheria ikisema pima baridi, basi injini baridi ndiyo injini. Mwenye uchungu aende akabadilishe maandishi. Nasema haya nikiwa mtu wa Hamilton, ambaye sasa ni mtu wa Ferrari, kwa hiyo ninajiumiza mwenyewe.

Hamilton. Hapa sina raha, na wanajua. Nilimfuata kutoka McLaren hadi Mercedes, nikavuka naye kwenda Maranello kwa Ferrari, na mwaka jana wote aliambulia ushindi wa mbio fupi ya Jumamosi Shanghai, lakini Jumapili hakupanda jukwaa hata mara moja. Kila ninapofika mezani mtu husogeza kigoda, "kaa chini, madam, hakuna jukwaa hapa." Tumaini langu ni kwamba magari yaliyoondoka hayakuwahi kumfaa, na sasa kila mtu anaanza upya. Mzee wa Pampu anasema umri hauna sheria mpya. Tutaona.

Ubishi wa Norris na Verstappen wao umeshapita kiasi. Norris ametwaa ubingwa wa 2025 kwa pointi 423, Verstappen 421. Pointi mbili! Baada ya mbio za Zandvoort, Uholanzi, Verstappen alikuwa nyuma ya Piastri wa McLaren kwa pointi 104, akazila zote na kumpita, akabaki nyuma ya Norris tu. Watu wa Red Bull pale mezani (wako watatu, wote mafundi wa gia, sijui kwa nini) wanaamini mtu wao ndiye bingwa wa kweli. Watu wa McLaren wanajibu kwa Las Vegas: magari yao mawili yalifutwa kwa sababu ubao wa chini ulilika ukawa mwembamba kuliko milimita 9 zinazotakiwa, Norris akapoteza nafasi ya pili, na bado akachukua taji. Namba 1 sasa iko kwenye gari lake; Verstappen amechukua 3. Mimi naona hoja ya McLaren ina uzito zaidi, lakini ukitaka kula kwa amani usiiseme upande ule wa meza.

Wageni hawajapata nafasi kubwa kwenye mazungumzo. Cadillac wanaingia kama timu ya 11 na injini ya Ferrari, Pérez na Bottas ndani yake, na maoni ya jumla ni kwamba wamenunua uzoefu badala ya kasi. Audi wamechukua Sauber na wanatengeneza injini yao wenyewe. Honda wamehamia Aston Martin, ambako mbunifu wa magari Adrian Newey amekuwa mkuu wa timu pia, na Mzee wa Pampu ana imani na Newey kuliko alivyo na imani na serikali. Kuna dereva mmoja tu mpya kabisa, Arvid Lindblad, kijana wa miaka 18 wa Racing Bulls. Hatujamwona, hatujui, tumemwacha.

Kilichochekesha zaidi ni Williams. Timu zilipokutana Barcelona mwishoni mwa Januari kufungua magari mapya, Williams hawakutokea, gari halikuwa tayari. Mafundi walifurahi sana. Miaka yote wateja wao huwatukana kwa ule wimbo wa "njoo kesho", kumbe na Formula 1 kuna gereji ya njoo kesho.

Na kuna swali ambalo hurudi kila chai ikimwagwa: Afrika lini? Mbio za mwisho kwenye bara hili zilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa, FIA, wasimamizi wa mbio hizi, ikiwa imekutana hapohapo Kigali. Afrika Kusini nao wanavuta upande wao. Mezani kwetu kura nyingi ziko Kigali, na si kwa sababu ya siasa: Kigali kuna basi. Kyalami ni ndege, na fundi wa gia hapandi ndege kwa ajili ya mtu anayeachia mafuta kwenye barabara iliyonyooka. (Dereva wa lori ameahidi kutupeleka bure. Nimemwambia aandike.)

Haya, zile nyota mbili.

Ya kwanza imeliwa na runinga. Ziko mbili. Ile kubwa ni ya mpira, na haiguswi. Langalanga inaonyeshwa kwenye ile ndogo juu ya kaunta, ambayo imefungiwa ndani ya kizimba cha vyuma isiibiwe. Chuma kimoja cha kizimba kinapita mlalo kwenye skrini, na kwa mtu aliyekaa meza ya dirishani kinafunika safu ya tisa na ya kumi kwenye orodha ya madereva. Tisa na kumi! Hapo ndipo pointi zinapoishia. Ukiwa shabiki wa Haas au Audi huna budi kusimama. Nimemwambia mama mwenye hoteli, akasema atamwita fundi wa kuchomelea. Kuna mafundi arobaini chini ya ngazi yake.

Halafu sauti. Mbio za Ulaya huanza saa kumi alasiri kwetu, na mechi za Jumapili za Ligi Kuu ya Uingereza za saa nane kwao nazo, wakishasogeza saa zao, zinaanguka saa kumi hiyohiyo. Mpira unashinda. Unaangalia magari bila sauti huku nyuma yako watu wanalia penalti. Mwaka huu nafuu iko Juni na Julai: ligi imekwisha, na Kombe la Dunia liko Marekani, Canada na Mexico, kwa hiyo mechi zake zinakuja usiku wetu. Kama huwezi kwenda siku zote, nenda miezi hiyo. Kuanzia Zandvoort mwishoni mwa Agosti, kisha Monza, kisha Madrid ambao ni mpya kwenye kalenda, tumerudi kwenye penalti.

Stima ikipotea, jenereta ipo, lakini inawasha friji za bucha kwanza. Siwalaumu, nyama ni mtaji. Ila ujue.

Nyota ya pili imeliwa na mlango. Hoteli hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumapili saa nne. Melbourne inaanza saa moja asubuhi kwa saa zetu. Suzuka, Japani, tarehe 29 Machi, saa mbili. Las Vegas mwezi Novemba ni Jumapili saa moja asubuhi tena. Miami nayo iko upande wa pili, saa tano usiku, wakati ambao Kirinyaga si mahali pa mwanamke kutafutia matatu, wala mwanaume. Yaani mbio ya kwanza ya magari mapya, tuliyoibishania tangu Desemba, ingetukuta nje ya kufuli.

Na Shanghai ina taabu yake. Mbio ni tarehe 15 Machi saa nne asubuhi, wakati mwafaka kabisa, lakini Safari Rally iko Naivasha tarehe 12 hadi 15 Machi. Mwaka jana iligongana hivihivi na China. Nusu ya meza itakuwa kwenye vumbi la Hell's Gate ikiangalia kama kuna mtu atawavunjia Toyota mwiko. Tangu mbio hizo zirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 hakuna mwingine aliyeshinda. Mzee wa Pampu hana hata la kuchagua, yeye ni Naivasha. Ukitaka kiti kizuri cha mbele ya ile runinga ndogo msimu huu, basi nenda siku ya China.

Mengineyo kwa ufupi. Choo kiko nyuma ya jiko, ni kimoja, kina komeo linalofunga, omba ufunguo kwa keshia. Kwa kina dada: sijawahi kusumbuliwa pale ndani, na ukijua kilowati zako utapewa kiti kabla ya mwanaume asiyejua. Usivae nyeupe, viti vinakaliwa na maovaroli. Usije na gari, hakuna pa kuliweka, na ukiliacha chini utarudi ukute mtu amekupigia bei ya taa zako. Bei hazijapanda tangu mwaka jana, isipokuwa soda.

Kuhusu ule mlango: mama mwenye hoteli, ambaye Formula 1 anaiita "zile gari za kuzunguka", amekubali kufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya tarehe 8 Machi iwapo watu ishirini watalipa shilingi 150 kabla, chai na mandazi mawili ndani yake. Orodha imebandikwa kwenye kioo cha bucha, kalamu imefungwa kwa uzi. Hadi jana jioni majina yalikuwa kumi na manne, na mtu amejiandikisha kwa jina la Toto Wolff, bosi wa Mercedes. Mama amesema huyo naye alipe.